Nilimlipa mpwa wangu asome vitabu, sasa bila hela hasomi. Nilikosea wapi?

#1 Mjomba Msumari

Wakuu, habari za jioni. Naliweka hili hapa maana nyumbani nimeshaonekana mchawi.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, miaka kumi, darasa la nne. Tangu ajue kusoma alikuwa anasoma chochote chenye herufi. Mama yake akinunua maandazi asubuhi, wenzake wanagombea andazi, yeye anasubiri karatasi. Anakunjua lile gazeti lililolowa mafuta, analiweka kwenye mwanga wa dirisha, anasoma habari ya miaka miwili nyuma iliyokatikia njiani, halafu anakuja kuniuliza, "Mjomba, yule diwani aliishia wapi?" Sasa mimi nitajua diwani gani!

Nikasema kipaji hiki kisipotee. Mwaka jana mwezi wa tano nikanunua vitabu vya hadithi, nikamwambia kila kitabu ukikimaliza ukanisimulia, shilingi 500. Mwezi wa kwanza akamaliza sita. Wa pili tisa, nikajisifu hadi kazini. Wa tatu nikaanza kuona mambo. Anachagua vyembamba. Chenye picha nyingi ndicho anachokimbilia. Ukimwambia asimulie, anakupa mwanzo na mwisho, katikati jangwa.

Januari, mnaijua Januari. Ada, kodi, nikamwambia mpwa wangu mambo yamebana, soma tu kwa faida yako. Tangu hapo hajagusa kitabu. Wiki iliyopita nimemletea kipya, kinene, kizuri. Akakipima kwa mkono kama muuza duka anayepima sukari, akauliza, "Mjomba, hiki shilingi ngapi?" Nikamwambia nimekinunua elfu nane. Akasema, "Hapana, mimi nakisoma kwa shilingi ngapi?"

Dada anasema nimemharibia mtoto. Shemeji anasema kosa langu ni kuacha kulipa. Nyie mnasemaje?

#2 Kidole Juu

Mkuu umeajiri, umefuta mshahara bila notisi, halafu unauliza umekosea wapi. NSSF yake ulikuwa unapeleka?

#3 Karanga za Moto

"Nakisoma kwa shilingi ngapi" 😂😂 Huyo atakuwa mkandarasi mkubwa. Nimekaa paleee.

#4 Chumba cha Pili

Mleta mada, hilo jambo limefanyiwa majaribio zaidi ya miaka 50. Mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo vipande vya Soma, lile fumbo la kuunganisha hadi upate umbo. Kundi moja akalilipa dola moja kwa kila umbo lililokamilika. Kisha anatoka chumbani, anawachungulia: nani anaendelea kucheza hata kama hakuna anayemwangalia? Waliokuwa wamelipwa, hela ilipoondolewa nao wakapunguza.

Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett wakaenda kwenye chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, wakachukua watoto 51 waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wakawapa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Baada ya wiki moja au mbili wakazirudisha zile kalamu mezani, cheti hakuna. Waliopewa cheti walizishika kalamu nusu tu ya muda wa wenzao.

Hicho ndicho ulichokifanya. Umechukua mchezo ukaugeuza kazi, na kazi watu huifanya kwa mshahara.

#5 Mfereji wa Kariakoo

Nyie wasomi mnanichosha. Watoto wa maprofesa California wameacha kalamu, basi dunia nzima isilipane? Njoo dukani kwangu. Nina vijana watatu wanauza mashuka. Kabla sijaweka kamisheni, mteja anaingia, anatoka, wao wako kwenye simu. Nikaweka 1,000 kwa kila seti. Siku hizi mteja akisimama mbele ya duka la jirani wanamvuta mkono. Mkono mtupu haulambwi.

#6 Kidole Juu

Mfereji, nijibu kitu kimoja tu. Kabla ya kamisheni hao vijana walikuwa wanauza mashuka kwa mapenzi?

#7 Binti wa Pangani

Chumba cha Pili umeruka kipande ambacho ndicho chenye utamu. Makundi yalikuwa matatu. La kwanza liliahidiwa cheti kabla ya kuchora. La pili lilichora tu, mwishoni likashtukizwa na cheti hichohicho. La tatu halikupata kitu. Lililopoa ni la kwanza peke yake. Sehemu ya muda waliyoitumia kwenye kalamu baadaye: walioahidiwa asilimia 8.6, wasiopewa kitu 16.7, walioshtukizwa 18.1. Kwa hiyo cheti hakikuua kitu. Kilichoua ni ile "chora nikupe."

Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda kilikuwa chema kwanza, pete ikaja baadaye. Hakuna aliyekiita chanda pembeni akakiambia kuwa chema nikuletee pete.

#8 Mfereji wa Kariakoo

#6 Wallahi hapana. Nani anapenda mashuka.

#7 Dada yangu, umeongea vizuri, na pete ya pili je? Mara ya kwanza umenishtukiza. Mara ya pili nakusubiri mlangoni.

#9 Karanga za Moto

Nimemwaga karanga 😂

#10 Mwalimu wa Zamu

Mimi mwalimu wa shule ya msingi, naongea kwa niaba ya wanaolipwa.

Tanzania hii hii tulifanyiwa jaribio, 2013 na 2014, KiuFunza ya Twaweza, shule 350. Shule nyingine zilipata ruzuku ya vifaa, nyingine walimu waliahidiwa bonasi, nyingine vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu ili zilinganishwe nazo. Bonasi ilikuwa shilingi 5,000 kwa mwalimu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu anayefaulu somo: Kiswahili, Kiingereza, hesabu. Matokeo: ruzuku peke yake haikusogeza ufaulu. Bonasi peke yake ilisogeza kidogo, na si kila mahali unapopima. Vyote pamoja ndiyo mambo yakaonekana, na yalizidi ukijumlisha kimoja kimoja.

Kwa nini? Nitawaambia nilivyoona kazini, si kwa wataalamu. Darasa langu moja lilikuwa na watoto 112 na vitabu 20. Ukiniahidi hela unanipa sababu, nyundo hujanipa. Ukinipa nyundo bila kunijali naiweka stoo hadi mkaguzi aje. Hilo la "ari itakufa" mimi naliona la watu wenye ari ya kutosha. Ari ya mwalimu anayedai malimbikizo ilishauawa na wengine kabla ya bonasi kufika.

#11 Chumba cha Pili

Asante kwa sahihisho Binti wa Pangani, nilikuwa naandika kwenye daladala.

Mwalimu, heshima yako. Ila angalia, hiyo ni kupima ufaulu wakati hela ipo. Swali la mleta mada ni hela ikiondoka kinabaki nini.

#12 Omwami wa Mpakani

Sasa wandugu. Niko Busia, upande wa Kenya. Hayo mambo ya hela na shule yalipimwa hapa kwetu hadi tukazoea kuhesabiwa.

Kuna ile ya walimu: shule 100 za Busia na Teso, nusu walimu waliahidiwa zawadi alama za wanafunzi zikipanda. Alama zilipanda kwenye mtihani uliounganishwa na zawadi. Lakini walimu hawakuacha kukosa shule wala hawakubadili namna ya kufundisha, waliongeza tu vipindi vya kujiandaa na mtihani. Zawadi ilipoisha, na faida ikaisha. Huyo ni yule mpwa wako wa vitabu vyembamba, ila amevaa tai.

Lakini subiri. Kuna nyingine, ya 2001 na 2002, ya wasichana wa darasa la sita. Wale wa juu, asilimia 15, walilipiwa karo ya shilingi 500 za Kenya na familia ikapewa 1,000 kwa mwaka, miaka miwili, na mkutano wa hadhara wa kupongezwa juu yake. Dada yangu alikuwa rika hilo. Hakupata. Na bado aliamka alfajiri mwaka mzima, na sisi wavulana ambao hatukuwa hata kwenye mashindano tukaamka, kwa sababu taa imewashwa na mama amekasirika. Watafiti, Kremer na wenzake, waliandika hivyo hivyo: hata wavulana walipanda, na walimu Busia wakaanza kuonekana shuleni. Wakauliza pia kama wasichana wamepoteza hamu ya kusoma, hawakuona hivyo. Upande wa Teso matokeo hayakuwa safi vile, nisiwadanganye.

Kwa hivyo mkisema zawadi huua hamu, mimi nauliza: zawadi gani, na nani alikuwa anaangalia?

#13 Mama Kikoba

Nimeipenda ya Omwami. Mimi nageuza upande wa pili wa sarafu: faini.

Haifa, Israeli, vituo 10 vya kulelea watoto, wazazi wanachelewa kuchukua watoto. Watafiti wawili, Gneezy na Rustichini, wakaviambia vituo sita vianze kutoza shekeli 10 kwa mzazi anayechelewa. Wachelewaji wakaongezeka karibu mara mbili! Zamani mzazi alikuwa anamwonea aibu mwalimu. Sasa amelipia. Wakaifuta faini, na watu wakaendelea kuchelewa vilevile. Makala yao ilitoka mwaka 2000.

Niliposoma nilicheka peke yangu jikoni. Kikoba chetu kilikuwa na kawaida, ukichelewa unasimama mlangoni unaomba radhi, wanawake wenzio wanakutazama kuanzia kandambili hadi kilemba. Hakuna aliyechelewa mara mbili. Akaja mtu wa kutufundisha taratibu, tukaweka faini ya 1,000. Jumamosi ya tatu napokea ujumbe: "Mama, leo niko saluni nitachelewa, nikatie faini yangu kabisa." Nikamkatia. Ningemfanya nini?

#14 Kidole Juu

Mama Kikoba huyo amelipia VIP, mwacheni atengeneze nywele.

#15 Mzee wa Daftari

Nimewasoma kimya tangu jana. Mimi nimefanya kazi za miradi vijijini miaka kumi na mmoja.

Kijiji kimoja, sitakitaja, kilikuwa na kipande cha reli kinaning'inia kwenye mwembe. Mwenyekiti akikigonga, watu wanatoka na majembe na ndoo. Msaragambo. Madarasa mawili na nyumba ya mwalimu vilisimama kwa sauti ya reli ile. Ukaja mradi wa barabara ya kuingia kijijini, ukalipa watu kwa siku. Miezi minne. Watu walifurahi, watoto wakavaa viatu, na mimi nikaandika ripoti nzuri sana.

Mradi ukaondoka. Masika ikaikata barabara ileile. Mwenyekiti akagonga reli, nami nilikuwepo siku hiyo kwa jambo jingine. Walikuja wazee watano na mlevi mmoja aliyekuwa anapita. Tukasubiri. Bibi mmoja akanisogelea, taratibu, kwa adabu zote, akaniuliza: "Mwanangu, daftari la kusaini liko wapi?"

Nimelifikiria swali lile miaka mingi kuliko semina zote nilizohudhuria. Barabara ile waliokuwa wakiipita ni wao. Sisi tuliwafundisha kwamba ni yetu.

#16 Mjukuu wa Ntomoko

Mzee wa Daftari, shikamoo. Samahani, nakupinga, maana mimi nimetoka kijiji cha aina hiyo.

Mnaongea kana kwamba wanakijiji wana betri ndani ya kifua, mradi umeimaliza chaji. Sivyo. Kabla ya mradi wote tulikuwa bure, hakuna anayemcheka mwenzake. Mradi ulipokuja tuliona. Tuliona gari. Tuliona wageni wanalala gesti, wanasaini posho ya safari kwa kusimama na kutuangalia tukichimba. Tukajua kumbe kuchimba barabara kuna fungu. Likitoka fungu mara moja, halafu kesho mtu anaambiwa achimbe bure, jambo la kwanza analojiuliza ni "fungu la safari hii kala nani?"

Huko ni kukataa kufanywa mjinga. Hamu ya kujitolea ipo pale pale. Misiba kijijini kwetu kaburi linachimbwa bure hadi leo na hakuna anayeulizia daftari.

#17 Mzee wa Daftari

Marahaba mwanangu. Umenichoma, maana posho yangu ya siku moja ilizidi ujira wa mchimbaji wa wiki, na aliniona nikiisaini kwenye boneti. La kaburi sina jibu lake.

#18 Ustadhi Mpole

Assalaam alaykum. La kaburi lina jibu: thawabu. Hakuna cha bure, malipo yake yako kwingine tu.

Madrasa kwetu mtoto akihitimu juzuu tunampa kanzu au sanduku la kalamu, na hatujaona akiichukia Qur'ani. Jambo ni nia. Akisomea kanzu, amepata kanzu.

#19 Karanga za Moto

Ustadhi, kwa hiyo Pepo ni zawadi ya kuahidiwa kabla au ya kushtukizwa? Naulizia watoto 51.

#20 Ustadhi Mpole

Hahaha, unataka kunifukuzisha msikitini. Hilo lilimsumbua Rabia wa Basra, yule bibi mcha Mungu, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Dua yake mashuhuri inasema ikiwa namwabudu Mola kwa kuitaka tu Pepo yake basi aninyime, na ikiwa kwa kuogopa Moto basi aniunguze. Wengine sisi tunataka Pepo na hatuoni haya.

#21 Sauti ya Makai

Mimi nimekulia nyuma ya jukwaa la taarab, Tanga, mama alikuwa anaimba. Watu wanatunza. Mama wa mtu anainuka na noti, anacheza polepole hadi mbele, anaibandika au anaiangusha, anarudi kwa maringo. Mwimbaji akitunzwa sauti inapanda, ukiwa umefumba macho utajua kwamba noti imetua. Sijawahi kuona hela ile ikiua hamu. Ile noti inasema "ubeti huo umenigusa, mimi na fulani ninayemtazama pale." Ni maneno zaidi kuliko pesa.

Ila mama alikataa kabisa kuimba kwa kiwango cha "kila wimbo kiasi fulani." Alisema akilipwa kwa wimbo ataanza kuzifupisha. Mleta mada, mpwa wako na mama yangu wangeelewana.

#22 Bukavu Kwetu

Jambo wote. Sauti ya Makai, kwetu Kongo kuna hatua inayofuata. Inaitwa libanga, kwa Kilingala ni jiwe. Mwimbaji "anakutupia jiwe", yaani anataja jina lako ndani ya wimbo, na wewe unamtoa pesa. Ilianza kama heshima kwa rafiki. Leo kuna nyimbo majina ni mengi hadi unatafuta wimbo uko wapi. Baba yangu husema hiyo si muziki tena, ni orodha ya wageni wa harusi. Lakini mziki wenyewe haukufa, gitaa bado linalia. Kwa hiyo sijui nimetetea upande gani.

#23 Damu Salama Kabisa

Naona hamjagusa damu. Mwaka 1970 Richard Titmuss, Mwingereza, aliandika kwamba ukianza kuinunua damu utawafukuza wanaoitoa kwa wema. Watu wakabishana karibu miaka 40 kabla haijajaribiwa vizuri. Mwaka 2008 ikachapishwa ya Gothenburg, Sweden: watu waliahidiwa krona 50 wakikubali kupimwa ili wawe watoaji. Wanaume hawakubadilika. Wanawake waliokubali wakashuka karibu nusu! Ila walipopewa nafasi ya kuigawa ile hela kwa wenye shida, wakarudi vilevile.

Nchi nyingine zikajaribu vizawadi vya kawaida, kuponi, fulana, na watoaji wakaongezeka tu. Kwa hiyo hata kwenye damu hakuna jibu moja.

#24 Kidole Juu

Mimi natoa damu kila mara, na nakiri hadharani: ile soda baridi na biskuti ndiyo inayonipeleka. Siku waliyotupa maji tu nilisikia kizunguzungu cha kuonewa.

#25 Kamusi Hai

Tunapishana kwa sababu ya neno. Ofisini kwetu bosi akisema "mwezi huu kuna motisha" watu wanatazama simu kama muamala umeingia. Motisha kwetu ni pesa. Kile mnachogombania kinaitwa ari, na hakuna mtu anayesema "nimepewa ari." Halafu tuna kifuta jasho, asante, posho, ujira, bahashishi, chai. Elfu kumi ileile. Mwite fundi akusaidie jirani, ukimpa "kifuta jasho" anapokea kwa mikono miwili na kesho anakuja. Mwambie "huu ujira wako" anaihesabu mbele yako na kusema haitoshi.

#26 Mfereji wa Kariakoo

Kamusi Hai, hapa nimekuvulia kofia. Ndiyo maana vijana wangu nikiwapa hela ya kamisheni wananitazama usoni, ila sikukuu nikiwapa kitambaa cha shati wanampigia mke wangu simu kushukuru. Kitambaa ni cha elfu kumi na mbili!

#27 Chumba cha Pili

Kwa wanaotaka ugomvi wa maprofesa: mwaka 1994 Cameron na Pierce walijumlisha tafiti 96 wakasema hofu hii imekuzwa. Mwaka 1999 Deci na wenzake wakajumlisha 128 wakasema hapana, zawadi ya vitu iliyoahidiwa inapunguza hamu kwa jambo ambalo tayari linapendeza, na sifa ya maneno inaiongeza. Waliendelea kurushiana karatasi. Msitegemee tulimalize hapa leo.

#28 Mwalimu wa Zamu

Na kuna moja hamjaitaja ambayo ni ya mleta mada moja kwa moja. Roland Fryer, Marekani, matokeo yalichapishwa 2011. Dallas, watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu, lakini lazima wajibu maswali kwenye kompyuta kuonyesha wamesoma. Watoto wanaozungumza Kiingereza wakapanda kwenye kusoma, ingawa ukijumlisha wote haikuonekana wazi. New York walilipa watoto kwa alama za mtihani, hakuna kilichosogea. Mtoto ukimlipa kusoma kitabu anajua afanye nini kesho asubuhi. Ukimlipa "ufaulu" anabaki anakodoa macho.

Kwa hiyo mjomba, huenda kosa lako ni "simulia" tu. Uliacha katikati bila ulinzi.

#29 Binti wa Pangani

Mwalimu, hao wa Dallas walikuwa wanasoma karatasi za maandazi kwa hiari yao? Huenda wengi wa waliolipwa hawakuwa wasomaji. Kumlipa asiyependa ni kumwonjesha. Kumlipa anayependa ni kumwambia kitu chako hiki lazima kina uchungu, ndiyo maana tumekitia sukari. Dawa ndiyo hutiwa sukari, embe halitiwi.

#30 Omwami wa Mpakani

Kwetu embe bichi tunatia chumvi na pilipili, lakini sawa.

#31 Mama Kikoba

Jamani mmesahau kitu rahisi kuliko vyote. Mtoto alikuwa na miaka tisa, sasa ana kumi. Wangu alikuwa anakusanya vifuniko vya soda kwa wazimu, siku moja akaamka havitaki, na hakuna aliyemlipa hata senti. Huenda mjomba unajilaumu bure. Nyumbani kuna simu janja?

#32 Mjomba Msumari

Wakuu asanteni, nimesoma zote, nyingine mara mbili. Mama Kikoba, simu ipo ya mama yake, anaishika Jumapili tu.

Leo nimefanya jambo. Nimekwenda kwa dada, sikubeba kitabu, nikakaa naye kibarazani tukimenya karanga. Nikamuuliza kwa nini siku hizi husomi? Akanishangaa. "Nasoma." Unasoma nini? "Vya kwangu." Na vile vitabu? Akasema, "Vile si vya mjomba?"

Nikanyamaza. Dada akacheka, akaingia ndani akaniletea boksi la viatu kutoka chini ya kitanda cha mtoto. Karatasi za maandazi zimekunjwa vizuri. Lebo za mafuta ya kupikia. Maelezo ya dawa ya mbu, yale yenye maandishi ya kisisimizi. Na mikeka yangu ya kubeti. Ile ninayotupa nikitoka kwao Jumapili, anaiokota, anaisoma timu moja moja, na pembeni ameandika kwa penseli ipi ilishinda na ipi ilipoteza.

Sijui nimwachie boksi lake au nimletee magazeti mazima. Naogopa nikileta tu, nayo yatakuwa ya mjomba.

#33 Binti wa Pangani

Usilete. Nunua maandazi mengi.

#34 Mwalimu wa Zamu

Lete, lakini yasahau kwenye kiti. Usiseme neno.

#35 Mfereji wa Kariakoo

Ngoja kwanza. Mikeka? Yaani Januari "mambo yamebana", kumbe 500 ya mtoto ilikuwa inachana na timu za ugenini?

#36 Karanga za Moto

😂😂😂 Na mtoto ana rekodi yote kwa penseli!

#37 Mjomba Msumari

Tusitoke nje ya mada wakuu.

#38 Kidole Juu

Mjomba, muulize huyo mtoto Jumamosi hii anaonaje. Ila mlipe.